Filamu Ambayo Mjukuu Wangu Hataimaliza

Jumatano. Upepo umeanza tangu alfajiri, ule wa kwetu Singida wa miezi ya kiangazi, unaokuingizia vumbi mpaka kwenye meno. Alizeti imelala uani, haipuriki. Nimeshinda ndani na moyo wangu haukai.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi sikukanyaga darasa hata siku moja. Nasema, mjukuu wangu Rehema anaandika kwenye simu, halafu ananisomea. Akinilainishia neno nalijua, namrudisha nyuma. Leo nimemwambia asilainishe hata moja, ingawa habari yenyewe ni ya kaka yake.

Watu wanasema mimi ni mchawi.

Si watu wa mbali. Ni hawa hawa wa kijijini kwetu, ng'ambo ya Ikungi, tunaochota maji bomba moja na kuazimana chumvi.

Wiki iliyopita tulimzika Zuhura, mtoto wa jirani yangu. Nyumba yao na yangu zimetenganishwa na ua wa minyaa tu. Yule mtoto alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, tunajua tangu hajaota meno. Mama yake alikuwa mtu wa kukimbia naye hospitali, na mara nyingine mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka barabarani kungoja gari. Mwili mwepesi, mdomo mkali. Akiingia kwangu haanzi na salamu. "Bibi, leo umepika nini?" Namwambia, "Shikamoo yako umeiacha kwenu?" Ananijibu, "Shikamoo umepika nini," yote kwa pumzi moja, na mkono umeshafika kwenye chungu.

Siku ya msiba nilipika makande nikayapeleka kichwani, kama inavyompasa jirani. Nikakaa mkekani. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akakumbuka kitu nje. Wa pili naye akakumbuka. Mkeka ukabaki wangu peke yangu. Makande yalirudi nyumbani na sufuria imejaa vilevile, hata mwiko haujaingia.

Kwetu, ukitaka kumwambia mtu neno zito bila kufungua kinywa, mrudishie chakula chake.

Nilifika nyumbani nikamuuliza Rehema, kuna nini? Akaanza kukung'uta kanga ambayo haikuwa na vumbi. Nikamwambia sema. Akatoa simu akanionyesha. Kumbe ni ile filamu ya Shabani.

Sasa niwaeleze Shabani ni nani. Ni mtoto wa marehemu binti yangu, kama alivyo Rehema. Wote nimewalea mimi. Shabani ana umri wa mtu mwenye watoto, ila watoto hana, ana filamu. Na filamu zenyewe hana. Anakaa Mandewa huko mjini, chumba cha kupanga, anapiga video za harusi na kipaimara ili apate kula. Lakini ukimuuliza kazi atakwambia, "Natengeneza filamu za kutisha." Mimi sijaona hata moja iliyotengenezwa. Nimezisikia tu. Kila akipata wazo anakuja kunisimulia mimi kwanza, nikiwa namenya karanga, aone kama nitaacha kumenya.

Ya kwanza ilikuwa ya watu-simba. Wazee wa huku wanajua: zamani kulikuwa na watu waliovaa ngozi wakaua wenzao, ikasemwa ni simba. Shabani akaenda kijiji cha wajomba zake kuomba wazee wakubali ipigwe pale. Walimsikiliza vizuri. Wakamchinjia kuku. Wakamsindikiza mpaka barabarani, na pale barabarani wakamwambia asirudi. Kuna koo hazioani mpaka leo kwa habari ile, halafu wewe unawaletea kamera?

Ikaja tamthilia ya televisheni. Stesheni ya Manyoni, treni inasimama siku isiyo ya treni, wanashuka watu wenye masanduku ya mbao, na kila mmoja anauliza njia ya kwenda kwenye nyumba iliyobomoka zamani. Hiyo niliacha kumenya. Aliipeleka kwa watu wa televisheni Dar es Salaam. Wakamsifu, wakasema lakini watazamaji wanataka mapenzi, je, mmoja wa wale wafu hawezi kumpenda mkata tiketi? Akabadilisha. Wakataka abadilishe tena. Mwisho wafu wote wakawa wametolewa, yamebaki mapenzi matupu, ndipo wakamwambia za mapenzi wanazo nyingi.

Kulikuwa na ile ya bibi harusi anayetoka kwenye ziwa la chumvi, kila mwanaume anamwona na sura ya mwanamke aliyemtupa. Mwigizaji akabeba mimba, na kabla hajapatikana mwingine, mwenye kamera akahamia Dodoma. Kulikuwa na ya mrina asali kule vichaka vya Itigi, anapanda mzingani anasikia sauti ya baba yake marehemu inamhesabia madeni ya ukoo. Hiyo hata haikuandikwa. Ilifia mdomoni.

Nilikuwa namtania. "Mume wangu, wewe una makaburi mengi kuliko ukoo wetu mzima." Anacheka. Lakini nilimwona anavyoisha. Mwanaume akishindwa kulima, shamba litaota majani na wewe utajua. Akishindwa kitu cha kichwani hakuna majani, kuna macho tu.

Ndiyo maana alipokuja na hii, nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Inaitwa Usiitike. Huku kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukisikia jina lako linaitwa jua likizama, usiitike mara ya kwanza. Mchawi huita mara moja, binadamu ataita tena. Filamu ni ya kikongwe anayeita watoto jioni, na watoto wa kijiji wanapotea. Kijiji kinamchukia, kinamchoma ndani ya nyumba yake. Jioni inayofuata watoto wanaendelea kupotea, tena wengi zaidi, ndipo watu wanaelewa. Kulikuwa na kitu kisimani kinachoita watoto. Yule bibi alikuwa akiwaita warudi. Yeye ndiye aliyekuwa wa mara ya pili.

Nililia. Karanga zikamwagika.

Sura yangu haikuhitaji kupakwa kitu. Macho haya yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi na wa kinyesi cha ng'ombe tangu nikiwa msichana. Kwa macho kama haya vikongwe wenzangu, si mbali na hapa, wamekatwa mapanga. Shabani alilijua hilo. Alisema ndiyo maana ya filamu yenyewe, watu wajione wanachofanya. Nikaona ana akili kuliko wanaomcheka.

Alihitaji mtoto mmoja. Zuhura akajileta mwenyewe, mama yake akakubali, tena akamsuka.

Tukapiga pale kwenye mawe makubwa nyuma ya zahanati, jua linazama, nusu ya kijiji imekuja kutazama. Kwenye filamu mtoto anaitwa Salma. Nikaita, Salma. Zuhura anachuma majani yake. Nikaita tena. Akageuka, "Bibi, Salma ni nani?" Watu wakavunjika mbavu. Tukarudia, na hivyo hivyo, haitiki, na mwanga unaisha. Shabani akaona siku inampotea. Akasema, "Bibi, mwite jina lake tu. Tutabadilisha sauti baadaye."

Nikaita, Zuhura.

Akageuka palepale, akaacha majani, akanifuata mpaka tukapotea nyuma ya mawe. Huko nyuma akaniuliza kama sasa ameshaingia kwenye televisheni. Nikamwambia ameshaingia. Akataka kujua kwa nini basi bado yuko hapa.

Hiyo baadaye ya Shabani haikufika. Mwenye kamera akaitaka kamera yake, aliyeahidi kusaidia akazima simu, na sehemu ya kisima haikupigwa. Shabani akachukua kipande alichokuwa nacho akakiweka mtandaoni ili wenye uwezo wakione wamsaidie kumaliza. Hawakukiona. Kikakaa huko kimya, nikakisahau.

Mpaka Zuhura alipokufa.

Sasa kila simu hapa kijijini ina mimi ndani yake. Kikongwe mwenye macho mekundu namwita mtoto kwa jina lake, jua linazama, mtoto anaitika mara ya kwanza, anaondoka na mimi, harudi. Halafu giza. Hakuna kisima. Hakuna mwisho. Na wale waliosimama pale wakacheka, leo hawakumbuki kwamba walicheka.

Jana Mama Zuhura alikuja. Alipita kwenye upenyo wa minyaa, njia ya mtoto wake. Nikasema kimoyomoyo, haya, yamefika, nitatukanwa na nitastahimili. Hakunitukana. Alikaa chini, miguu ameinyoosha kama mtu aliyetoka safari.

"Bibi, mimi najua mwanangu alikuwa anaumwa nini."

"Najua unajua, mwanangu."

"Lakini hizo simu. Bombani zinapigwa, kijiweni zinapigwa, watoto wanapita nazo njiani. Nasikia sauti yako inamwita." Akageukia upenyo wa minyaa. "Kila ikimwita, mimi nasimama. Nafika mpaka mlangoni, Bibi, ndipo nakumbuka."

Angenitukana ningepumua.

"Nisaidie isiite tena," akasema, akainuka, akarudi kwa njia ileile.

Leo Shabani amekuja na bodaboda, vumbi limemjaa mpaka kope. Alipigiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Vijana wanachangisha ili Jumamosi waletwe lambalamba, wale waganga wanaozunguka na ngoma kuchimbua hirizi kwenye nyumba za watu. Na nyumba wanayoichimba haijawahi kukosa hirizi. Mwenyekiti anasema ameshindwa kuwazuia. Kabla ya kuchimba, mfiwa ataulizwa mbele ya watu kama kuna mtu anayemshuku.

"Bibi, funga nguo, twende Mandewa."

"Nikitoka hapa nimekiri."

"Watakuua!"

"Basi waniue nikiwa kwangu. Mandewa unakaa chumba kimoja na majiko mawili, mimi utaniweka wapi, dirishani?"

Hakucheka. Nikajua kuna kingine. Shabani akiwa na kitu kifuani huwa anakuna goti, tangu mdogo. Nikamwambia, toa.

Akatoa. Kile kipande kimesambaa mpaka Dar es Salaam. Watu wa televisheni, walewale wa mapenzi, wamempigia. Wanaitaka Usiitike nzima, mwanzo mpaka mwisho. Kamera, taa, waigizaji, kila kitu wanaleta wao. Akasema, "Na Bibi, fikiria. Watu wakiona mwisho watajua. Ule mwisho ndio unaokusafisha."

Hakuwa anadanganya, hilo nimwandikie haki yake. Alikuwa ananililia mimi. Lakini niliyaona macho yake. Yalikuwa yamewaka, yale macho niliyodhani yameshakufa. Mtoto yuko chini ya udongo, bibi yake anataka kuchimbuliwa nyumba, na yeye macho yanawaka. Sikumchukia. Mtu aliyekaa na njaa miaka yote hiyo, chakula kikija kupitia msibani atakitazama tu.

Na mimi sitajifanya mtakatifu hapa. Niliitaka. Niliitaka ile filamu kwa tumbo langu lote. Kijiji kizima kikae mbele ya televisheni pale kwa mwenye duka, kione kisima, kione walichonifanyia, waone aibu wote pamoja. Nilishawachagulia na mahali pa kukaa.

Kisha nikamsimulia habari ya Mama Zuhura anayesimama.

Akaacha kukuna goti. Akasema haraka haraka, basi tutabadilisha sauti, tutaweka Salma. Nikamuuliza, "Na uso utaubadilisha? Na nywele alizosukwa na mama yake?" Akasema basi tutapiga upya na mtoto mwingine. Nikamwambia kama inawezekana, piga simu sasa hivi, waulize, nisikie kwa masikio yangu.

Akapiga, akafungua sauti. Yule mtu wa televisheni anaongea kwa upole kabisa, kama muuza sanda. "Kaka Shabani, elewa. Bila yule mtoto hatuna kitu. Watu wanamtafuta yule. Kile kipande ndicho kinachofungua, hata tangazo litakuwa hicho." Halafu akauliza kama bibi bado yuko hai na kama anaweza kuigiza.

Nilitaka kumjibu kwa Kinyaturu. Rehema akaniziba mdomo.

Shabani akamwambia atampigia baadaye. Tangazo maana yake ni kila siku. Kila nyumba yenye televisheni, kila siku, jioni, namwita Zuhura, na mama yake anasimama.

Nikamwambia, "Izike."

"Bibi, hii ndiyo pekee iliyobaki. Zingine zote zimekufa."

"Najua. Nilikuwepo kwenye misiba yake yote."

"Na wewe? Nani atakusafisha wewe?"

"Mimi nimeshaishi."

"Hilo si jibu."

"Ni jibu la mwenye umri wangu. La kwako litafute mwenyewe, lakini ukiimaliza hii mbele ya yule mama, usije ukaniita bibi tena. Nitakuwa nimeshakupa kila nilichonacho, na sura yangu umeshaichukua."

Nilikuwa mkali. Sijutii. Nilimlea kwa ukali huu huu akaacha kula udongo.

Alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye upepo, shati limejaa kama gunia, simu sikioni. Hakuongea sana. Aliporudi alisema amewakatalia, na kile kipande amekifuta kule alikokiweka, ingawa kwenye simu za watu kimeshatawanyika kama mbegu ya magugu. Mtu wa televisheni hakukasirika hata kidogo. Alimwambia akipata wazo lingine awasiliane nao.

Hapo ndipo Shabani alipokaa kwenye kigoda jikoni, akalia kama siku tulipomzika mama yake. Moshi ulikuwepo, angeweza kusingizia moshi, hakusingizia. Nikamsongea ugali wa uwele, nikampikia mlenda, nikamkalia mbele mpaka akala. Machozi hayashibishi mtu. Alipomaliza nikamwambia ile ya treni ya Manyoni bado naikumbuka yote, na masanduku yake, na kwamba ilikuwa nzuri. Akasema, "Acha, Bibi." Nikaacha.

Amesema haondoki mpaka Jumamosi ipite. Kesho ataanza kupita bombani, kijiweni, nyumba kwa nyumba, simu kwa simu, kuomba watu wafute. Nimemwambia asitaje jina langu hata kidogo. Akinitaja mimi watakataa ili kumkomoa mchawi. Aseme ni kwa ajili ya mama anayesimama. Baadhi watamfukuza. Baadhi watajirekodi wakimfukuza. Lakini nawajua watu wa hapa, wapo watakaofuta, na watakaofuta watafanya hivyo wakiwa wamegeuzia uso ukutani.

Limebaki moja, nalo ndilo limenifanya nimwite Rehema aje aandike.

Jumamosi, Mama Zuhura akisimama mbele ya watu akasema mwanangu alizaliwa na ugonjwa, na huyu bibi alimbeba mgongoni, ngoma za lambalamba zitarudi zilikotoka. Akinyamaza tu, nyumba yangu itachimbwa, na hirizi itapatikana, na baada ya hapo sijui. Rehema anasema nivuke minyaa nikamwombe, ni hatua chache tu, na yeye mwenyewe amekiri kwamba anajua. Shabani anasema hivyohivyo, anasema sisi tumempa kikubwa, naye atupe kidogo.

Sitakwenda. Filamu hatukumpa ili atulipe. Na mwanamke ambaye bado anafika mlangoni ndipo anakumbuka, siwezi kumwendea na shida ya uhai wangu mimi niliyeshaona vitukuu.

Lakini naogopa. Nimemwambia Rehema aandike hilo neno kama lilivyo.

Na nimejiuliza tangu mchana: ningekuwa mimi ndiye mfiwa, mwanangu yuko udongoni hata kaburi halijakauka, na kijiji kizima kimeniletea mtu wa kumlaumu, kikongwe mwenye macho mekundu, ningeweza kusimama nikasema hapana, si yeye, ni damu tu aliyozaliwa nayo?

Nimelizungusha swali hilo kila upande. Jibu nililolipata silipendi.